Dawa ya Harusi na Dawa ya Gazeti

Watu wa mtaa ule walimwita Mama Giza, na hapakuwa na ubaya ndani yake. Jina lilimpata kwa sababu kila aliyekwenda studio kumuulizia alijibiwa neno lile lile: "Yuko gizani, subiri kidogo." Mumewe, ambaye watu walimwita Fundi tu, ndiye aliyekaa mbele kwenye mwanga, na taa zake mbili za miguu mirefu na pazia la kijivu, akiwapanga wateja, akiwainua kidevu kwa kidole kimoja, akiwachekesha mpaka wasahau kwamba wanapigwa picha. Mama Giza alikaa nyuma, katika chumba cha hatua nne kwa tatu, chenye sinki la bati, saa ya ukutani yenye mishale inayong'aa, na mapazia mawili meusi mlangoni. Miaka ishirini na saba Fundi alipiga, na yeye akasafisha.

"Kila picha ina wazazi wawili," Fundi aliwaambia wateja waliokuwa na haraka. "Mimi baba nimeshamaliza yangu. Mwacheni mama naye ajifungue."

Katika rafu ya chumba cha giza kulikuwa na chupa nyingi, lakini za kusafishia filamu zilikuwa mbili, za kahawia, shingo fupi. Moja waliiita dawa ya harusi, nyingine dawa ya gazeti. Majina waliyatunga wenyewe, tangu Fundi alipoacha kazi ya gazetini na kufungua studio.

Dawa ya gazeti ilikuwa kali. Ilivuta kutoka kwenye filamu kila mwanga ulioingia, hata ule uliojibanza kwenye kona, na ukiiongezea dakika ilikubali filamu ya mia nne ihesabiwe kama ya mia nane, yaani itoe picha kwa nusu ya mwanga uliotakiwa. Ndiyo maana watu wa gazeti waliipenda, maana wao hupiga palipo na mwanga na pasipo na mwanga. Ila ilileta chembechembe. Uso wa bibi arusi ukisafishwa kwa dawa ile ulitoka kama umepigwa na vumbi la barabarani. Dawa ya harusi ilikuwa mpole. Ilitoa ngozi laini hata kwa mtu mwenye chunusi uso mzima, na wateja walitoka nje wakijitazama wasiamini. Lakini ule upole ulikuwa unakula. Ulikula nusu ya nguvu ya filamu. Boksi lingeandikwa mia nne, lakini kwa dawa ya harusi filamu ile ilikuwa mia mbili, hakuna zaidi. Basi Fundi aliweka kipima mwanga chake kwenye mia mbili, akaishibisha filamu mwanga mara mbili ya ule wa kwenye boksi, na mkewe akamalizia kwa upole.

"Boksi linasema yake na mke wangu anasema yake," Fundi alikuwa akisema. "Mimi namsikiliza anayenipikia."

Ikitokea filamu imepigwa kwa hesabu nyingine, Fundi alibandika kipande cha plasta kwenye kopo lake na kuandika namba kwa kalamu. Mama Giza alilijua hilo kwa vidole. Akigusa plasta, alisimama na kuuliza. Asipogusa plasta, mkono ulikwenda wenyewe kwenye dawa ya harusi.

Sasa, mtu huyu aliyewapiga picha watu wa mitaa mitatu hakuwa na picha yake mwenyewe. Ilikuwepo ile ya kitambulisho, ya ujanani, mashavu yameingia ndani na nywele zimesimama kama mwavuli. Binti yao wa pekee, alipokuwa mdogo, aliiogopa. "Huyu si baba," alilia. Na kila mkewe aliposhika kamera, Fundi aliweka kiganja usoni. "Ukinipiga mimi, nani atakuambia kwamba umenikata kichwa?"

Binti akakua, akasomea uuguzi, akapata kazi nchi ya mbali. Miaka sita ikapita bila kurudi. Simu za siku zile zilikuwa za kuongea tu, na barua zake zilikuwa fupi, za mtu anayeandika amesimama.

Kisha Fundi akaanza kuvimba miguu. Akapanda ngazi mbili akakaa. Daktari akamsikiliza kifua, akasema moyo umechoka, apumzike. Studio ikafungwa, na Fundi akalazwa katika chumba cha kulala, nyuma ya studio, chenye dirisha moja lililotazama ukuta wa jirani. Alilala upande wa mbali na dirisha kwa sababu, alisema, mtu aliyekaa na mwanga maisha yake yote ana haki ya kuuchoka.

Binti alipiga simu kwa mdogo wake Fundi, mshonaji wa nguo aliyekuwa na duka ubavuni mwa studio. Shemeji huyo akaja mbio, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Shemeji, pokea. Mwanao. Ongea haraka kabla sijaanza kulia mimi, nina suruali ya mtu mezani."

"Mama," sauti ya binti ilisema, "nimepata ruhusa. Nakuja mwisho wa mwezi. Lakini nipigie baba picha, tafadhali. Nikifumba macho namwona yule wa kwenye kitambulisho. Wa sasa simwoni, mama. Nimemsahau."

Mama Giza aliyabeba maneno hayo hadi kitandani kama mtu anayebeba bakuli lililojaa. Alidhani Fundi angeweka kiganja usoni. Hakuweka. Alisema, "Lete kamera."

Alimwekea mito mitatu mgongoni. Fundi alikuwa amevaa fulana nyeupe, na mkononi ana kikombe cha uji. Dirisha lilikuwa nyuma ya bega lake.

"Kipima mwanga kinasemaje?" aliuliza.

"Kinasema nirudi nyumbani."

Fundi akacheka, cheko lake lile la kutoka tumboni ambalo lilikuwa limepotea majuma mengi. "Huku ni giza, na mikono yako inatetemeka. Ukiweka mia mbili utapiga polepole, nitatoka nina pua tatu. Weka mia nane. Umesikia? Na dawa yake ni ile ya gazeti, uiongezee dakika. Ukinitia kwenye dawa ya harusi hunioni."

"Kwani mimi ni mgeni wa kazi hii?"

"Wewe ni mgeni wa huku mbele. Huku mbele ni kwangu. Haya, usinikate kichwa."

Alipiga picha thelathini na sita. Fundi alicheka katika nyingi. Alimwelekeza, akamkosoa, akamwambia anashika kamera kama mtu anayeshika kuku. Kilikuwa kitu cha kufurahisha, Mungu ashukuriwe kwa saa ile moja. Filamu ilipokwisha akaitoa, akaiweka kwenye kopo lake, akatia nyingine, maana Fundi hakupenda kamera ikae na njaa. Akainuka kwenda kutafuta plasta, na Fundi akaanza kukohoa. Kikohozi kile kilichukua muda mrefu. Uji ukamwagika, shuka likabadilishwa, dawa zake zikatafutwa. Baadaye Mama Giza akapanga vitu kwenye droo, na kabla ya kufunga akakigeuza kipima mwanga kikarudi mia mbili, kama kilivyorudishwa kila jioni kwa miaka ishirini na saba.

Fundi alifariki siku ya nne. Binti alifika siku mbili baada ya maziko.

Aliingia na koti la nchi ya baridi mkononi, akamkumbatia mama yake, na shemeji mtu akachukua sanduku lake akalizungusha mara tatu sebuleni kwa kukosa pa kuliweka. Wakanywa chai. Halafu binti akasema taratibu, "Mama, zile picha?"

"Zipo. Kesho asubuhi nitakupa baba yako."

Na asubuhi, baada ya sala yake, akaingia gizani. Kabla ya kuzima taa alikuwa na desturi ya kusema maneno machache, wala si marefu: Wewe uliyeumba mwanga, usiniache hapa ndani. Akayasema. Macho yalikuwa yamevimba, lakini mikono ilijua njia. Akafungua kopo. Vidole vikapita juu yake, vikakuta bati tupu, laini. Mkono ukapanda rafuni.

Dakika kumi na moja. Alitikisa tangi lenye filamu na dawa kama kawaida, polepole, akimwaza Fundi, akiiangalia saa. Akamwaga. Akaosha. Akatia dawa ya kugandishia, ile inayoizuia picha isibadilike tena. Alipoikunjua filamu chini ya taa, maji yakimtiririka hadi kwenye kiwiko, alijua kabla hajaisogeza karibu.

Kwenye filamu iliyosafishwa mambo huwa kinyume: kilichokuwa cheupe hutoka cheusi, na kilichokuwa kivulini huwa chepesi. Dirisha lilikuwepo, jeusi ti. Fulana ilikuwepo. Mdomo wa kikombe ulikuwepo, na meno, vidoa vidogo vyeusi kwenye safu. Lakini pale uso ulipotakiwa kuwa, palikuwa wazi kama kioo. Alipitisha kidole nyuma ya filamu akakiona kidole chake chote, hadi mistari ya ngozi.

Hapo ndipo sauti ya Fundi ilipomrudia, neno kwa neno. Ukinitia kwenye dawa ya harusi hunioni.

Akakaa chini kwenye sakafu yenye maji.

Shemeji ndiye aliyempigia hodi. Alipoona hali, akaipokea filamu kwa ncha za vidole kama anavyopokea hariri. "Sasa shemeji, si uirudishe tu kwenye hiyo dawa nyingine? Mimi suruali ikinibana naifumua."

"Ikishagandishwa imekwisha. Haifumuliwi."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, shemeji. Nimempa mwanga kidogo nikitegemea dawa kali, halafu nikamtia dawa inayokula mwanga. Kilichobaki ni kile kilichokuwa kinang'aa chenyewe."

Binti alikuwa amesimama nyuma yao. Aliichukua filamu, akaielekeza mlangoni, akaitazama picha moja moja mpaka ya mwisho.

"Ina maana hayupo?"

"Yupo mahali palipokuwa na mwanga, mwanangu. Usoni hayupo."

"Na alikuambia dawa ipi?"

"Aliniambia."

"Ulisahau vipi, mama?" Hakupaza sauti. Angepaza sauti ingekuwa nafuu. "Maisha yako yote hii ndiyo kazi yako. Nilikuomba kitu kimoja. Ulisahau vipi?"

Mama Giza hakutaja plasta, kikohozi wala shuka. Alitazama mikono yake, iliyobabuka kwa dawa za miaka mingi, kana kwamba ni ya mtu mwingine aliyeazima akairudisha imeharibika.

Siku hiyo hakuna aliyekula vizuri. Binti alijifungia chumbani kwa baba yake. Alasiri akatoka ameishika kamera.

"Mama, hiki kidirisha hapa juu kinaonyesha tisa. Ni tisa za nini?"

 Zile tisa Mama Giza alikuwa hajamwambia mtu. Zilikuwa za asubuhi ya mwisho. Fundi aliomba kitanda kisogezwe dirishani apate hewa, na shemeji akakisukuma. Walipobaki wawili, Fundi akainyooshea kidole kamera. Hakuwa na pumzi ya kuongea. Hakucheka, hakuelekeza. Alimtazama tu, na yeye akapiga kwa mia nane ile ile iliyobaki kwenye kamera, machozi yakimfanya aone Fundi wawili, mpaka kidole kikakataa. Hakuwa na hakika kama mtoto anapaswa kumwona baba yake vile.

"Ni baba yako," alisema hatimaye. "Lakini si yule aliyekuwa anacheka."

"Tuisafishe."

"Siwezi. Mikono yangu siiamini tena."

Binti akaweka kamera mezani, akakunja mikono ya blauzi. "Mimi wodini siruhusiwi kuamini mikono. Dawa inasomwa mara tatu: ukiichukua, ukiimimina, ukiirudisha. Unasoma kwa sauti hata kama uko peke yako, hata kama wagonjwa wanakucheka. Twende. Wewe utafanya, mimi nitasoma."

Wakaingia pamoja. Binti hakuwa ameingia mle tangu alipokuwa akisimama juu ya kreti kuona picha zinavyotokea kwenye trei. Mama Giza akatafuta plasta, akaandika 800, akaibandika mgongoni mwa kamera. Hakukuwa na mtu wa tatu wa kuisoma, lakini akaibandika.

Chupa ya dawa ya gazeti ilikuwa nyuma kabisa, rangi yake imekuwa kama chai ya rangi. Hakuiamini nayo. Akaizungusha filamu ikarudi koponi, akaitoa kwenye kamera, akakata kipande chake cha mwanzo, ambacho hupigwa na mwanga wakati wa kupakia na hakina picha, akakitumbukiza kwenye kikombe cha dawa ile wazi wazi mchana. Dawa iliyo hai hukigeuza cheusi kama mkaa. Walingoja. Kipande kikawa cha kijivu, kikakomea hapo.

"Imekufa," alisema binti.

"Imekufa."

Chini ya sinki kulikuwa na mkebe mmoja wa unga wake, haujafunguliwa, umeshika kutu kwenye ukingo. Mama Giza akauombea kwa Mungu kabla ya kuutia kijiko. Akapasha maji, akakoroga polepole, akangoja yapoe, akakata kipande kingine na kukitumbukiza. Kikaiva cheusi, cheusi hasa.

"Soma," Mama Giza alisema.

"Dawa ya gazeti. Filamu ya mia nne, imepigwa kwa mia nane. Joto nyuzi ishirini. Dakika kumi na tatu."

"Soma tena."

Akasoma. Akasoma na mara ya tatu, mkono wa mama ukiwa tayari kwenye swichi. Gizani walisikia tu filamu ikijikunja kwenye gurudumu lake, kwaru, kwaru, na mshonaji nje ya pazia akijifanya anapiga mluzi.

Kati ya zile tisa, tano zilikuwa zimetikisika. Katika mbili Fundi alikuwa amefumba macho. Moja ilikuwa ya mto na nusu sikio. Ya saba ndiyo aliyokuwemo hasa. Mama Giza aliikuza ikajaa karatasi kubwa, na wote watatu wakainama juu ya trei chini ya taa nyekundu.

Alikuja taratibu. Kwanza shuka, kisha paji la uso, kisha macho. Chembechembe zilikuwa nyingi, zimemjaa mashavuni na shingoni kama mvua ya mchanga. Kila kunjo lilionekana. Uvimbe chini ya macho ulionekana. Aliwatazama moja kwa moja, amechoka, midomo imefungwa, mtu anayetaka kusema jambo na anaona njia ni ndefu.

"Kaka angekufa mara ya pili kwa hizi chembechembe," shemeji alisema. "Watu wote kawatoa laini, yeye mwenyewe katoka kama chapati ya unga wa dona." Kisha akatoka nje na tepu yake.

Binti aliitazama picha mpaka ikakauka. "Ni yeye," alisema. "Masikio ndiyo yale yale." Baadaye kidogo akauliza, "Alikuwa anaumia?"

"Ndiyo."

"Asante kwa kutonidanganya."

Siku ya mwisho kabla ya safari, binti alichukua ile filamu iliyoharibika kutoka kwenye kamba ilikokuwa bado inaning'inia, maana hakuna aliyepata moyo wa kuitupa. Akamwita mama yake dirishani. Hakuomba radhi kwa maneno yale ya gizani, wala mama hakuingoja radhi hiyo.

"Niambie. Hii ya kwanza, haya meno, alikuwa anacheka nini?"

"Hapo alikuwa bado anacheka nilivyomwambia kipima mwanga kinasema nirudi nyumbani."

"Na hii?"

"Hapo alisema naishika kamera kama kuku."

"Hii kikombe kimepinda."

"Uji ulikuwa wa moto, akajitia hausikii."

Wakaenda hivyo, moja baada ya nyingine, hadi thelathini na sita. Binti alikuwa akirudia kila jibu kwa sauti ndogo, kama alivyosoma dawa. Zilipoisha, akamwomba mama yake amsafishie karatasi moja kutoka kwenye ile filamu, yoyote yenye meno. Mama Giza akafanya. Ikatoka karatasi nyeusi, na juu yake dirisha jeupe, fulana nyeupe isiyo na mtu, mdomo wa kikombe, na cheko linaloelea.

Wakazilaza picha mbili mezani, ile yenye uso na ile yenye cheko.

"Hii ya uso nenda nayo," Mama Giza alisema. "Wewe ndiye uliyemsahau. Mimi uso wake ninao."

"Na hii utaifanyia nini, mama? Watu wataona weusi tu."

"Waone."

Teksi ikapiga honi. Shemeji akashika sanduku, safari hii alijua pa kulipeleka. Gari lilipokata kona Mama Giza alirudi ndani, akaining'iniza ile nyeusi ukutani mbele ya studio, pale zilipokuwa picha za maharusi, na chini yake akabandika kipande cha plasta alichokiandika mwenyewe: 800. Kisha akaketi kwenye kiti cha wateja, mahali ambapo hakuwahi kukaa, akiitazama.